Kimbunga kikitua karibu na Kilwa, ogopa maji kuliko upepo

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mvuvi wa Kilwa Kivinje, nina mke na watoto watatu. Nyumba yetu ni ya udongo na miti, juu bati, na iko kama hatua mia na hamsini kutoka pale maji ya bamvua yanapokomea. Mbele yetu palikuwa na mikoko, siku hizi imebaki ya kuhesabu. Tangu utotoni wazee wanatuambia vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji, huku kwetu havifiki. Halafu Mei 2024 kikaja Hidaya. Tulivuta vyombo juu, upepo ukavuma, ukapungua, tukatangaziwa kimeisha nguvu. Kumbe barabara ya Somanga imekatika na maji yamejaa kila upande. Naomba nifahamishwe: hivi vitu vinatokeaje? Kwa nini kilikuja masika yakielekea ukingoni? Ni kweli joto la dunia likizidi vitakuja kila mwaka? Mke wangu anataka tuhamie juu, upande wa Singino, mimi naona nitakuwa mbali na chombo changu. Na siku nikiwa baharini, nitajuaje kinakuja?*

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali matano kwa mkupuo mmoja, lakini naona nyuma yake kuna moja linalokusumbua zaidi: mliambiwa upepo umekwisha, mbona madhara yakaja baada ya hapo? Nitalijibu hilo kwanza kwa kukueleza kimbunga ni kitu gani, mengine yatafuata.

Wazee wako hawakudanganya. Wamesimulia kwa kadiri ya umri wao. Kimbunga kutua kwenye pwani ya Tanzania ni jambo la nadra, na mtu anaweza kuzaliwa, akazeeka na kuzikwa bila kukiona. Lakini kutokiona wewe si kusema hakijawahi kuja. Aprili 15, 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja majahazi na merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya karafuu kuhesabiwa zao la Pemba hadi leo. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi, jirani zako, kikaua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth alipita juu ya Komoro akaingia Cabo Delgado, kusini kidogo tu ya mpaka wetu, na watu wa Mtwara wakahamishwa kwa tahadhari. Jobo wa Aprili 2021 alifika kwetu akiwa hoi. Kisha Hidaya.

Umeona miezi hiyo? Karibu yote ni Aprili, na Hidaya Mei. Si bahati nasibu, na nitakuonyesha sababu yake.

Kimbunga kinaishi kwa mvuke wa bahari. Ukitoka kuoga ukapigwa na upepo unasikia baridi, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto la ngozi yako. Bahari nayo ni hivyo hivyo: kila tone linalopanda kuwa mvuke linabeba joto. Mvuke ukifika juu, ukapoa na kurudi kuwa matone ya wingu, joto lile linaachiwa palepale angani. Hewa ya juu inapata moto, inakuwa nyepesi, inazidi kupanda, na chini yake mgandamizo wa hewa unashuka. Hewa ya pembeni inakimbilia kujaza pengo hilo, na kwa kuwa inapita juu ya maji ya moto inakuja na mvuke mwingine. Mvuke huo nao unapanda na kuachia joto lake. Mzunguko huo ukipata nafasi ya kuendelea siku mbili tatu bila kusumbuliwa, unajilisha wenyewe.

Kusumbuliwa ndiko kunakotuokoa mara nyingi. Maji lazima yawe na nyuzi joto 26 au 27 hivi kwenda juu, tena moto huo ushuke makumi ya mita, kama 50. Ukiwa wa juu juu tu, upepo utakoroga bahari, maji baridi yatapanda na kimbunga kitajinyima chakula chenyewe. Hewa ya katikati ya anga iwe na unyevu. Upepo wa juu usipishane sana na ule wa chini, maana ukipishana unakata kichwa cha mawingu na kukitenganisha na mwili. Na hata yote yakitimia, lazima dunia yenyewe isaidie kuizungusha hewa. Msaada huo haupo kwenye ikweta, unaanza kuonekana ukisogea kama nyuzi 5 kusini au kaskazini. Mombasa iko nyuzi 4, Tanga 5, Kilwa karibu 9, Mtwara zaidi ya 10. Kwa hiyo hatari inaongezeka kadiri unavyoteremka kusini, ingawa kimbunga kilichokwisha kuumbika kinaweza kusogea hata karibu na ikweta. Wiki chache baada ya Hidaya, Ialy alipanda kaskazini na kuleta upepo mkali mwambao wa Kenya.

Kizuizi kingine ni Madagaska. Kisiwa hicho kina urefu wa takriban kilomita 1,600 na kimesimama katikati ya njia. Vimbunga vingi vinavyotoka mashariki vinagonga milima yake au vinakunja kuelekea kusini. Cha kuja kwetu sharti kipite juu ya ncha ya kaskazini ya kisiwa, au kizaliwe hukohuko kaskazini, kisha kishike njia ya magharibi bila kukunja. Sasa rudi kwenye miezi. Mnamo Januari na Februari ukanda mvua, ambao ndio mahali mawingu haya yanapokutania, umeshuka kusini, hivyo vimbunga vinazaliwa mbali nasi na kwenda Msumbiji, Madagaska, Morisi. Machi na Aprili ukanda huo unarudi kaskazini ukifuata jua, unapita usawa wetu, na ndipo maji ya mwambao wa Afrika Mashariki yanapokuwa na moto kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika vizuri. Mlango wetu unafunguka hapo, kwa wiki chache. Hidaya aliingia mlango ukikaribia kufungwa.

Tukija kwenye lile linalokusumbua: kimbunga kikigusa ardhi kinakosa mvuke, na upepo wake unaanguka haraka, pengine ndani ya saa chache. Taarifa inayosema kimepungua nguvu huwa ya kweli, lakini inazungumzia upepo. Majina tunayovipa vipindi vyake, dhoruba, kimbunga, kimbunga kikali, yote yanapimwa kwa kasi ya upepo. Katika Bahari ya Hindi kusini magharibi, dhoruba inaitwa kimbunga upepo wake unapofika kilomita 118 kwa saa. Hakuna kipimo cha mvua ndani ya jina hilo. Unyevu uliobebwa kutoka baharini bado uko juu yenu, na lazima ushuke. Hidaya alikuwa ameshapungua alipogusa Mafia Mei 4, na bado mvua yake ilikata barabara kuu ya kusini. Mfano mkubwa zaidi ni Freddy wa 2023, aliyedumu zaidi ya wiki tano kutoka upande wa Australia hadi kwetu huku. Alipofika Malawi upepo haukuwa tena wa kutisha, na Malawi haina bahari, lakini watu zaidi ya 600 walikufa huko, wengi kwa mafuriko na maporomoko ya udongo, hasa maeneo ya Blantyre.

Nikiwaeleza watu wa pwani hayo, wengi huuliza kama ni sawa na tsunami. Hapana. Tsunami husababishwa na tetemeko chini ya bahari, kama ile ya Desemba 26, 2004 iliyoanzia Sumatra, na inaweza kuja siku ya jua kali. Bahari ya kimbunga inapanda kwa saa kadhaa, na mnakuwa mmeshaarifiwa.

Kwa nini inapanda? Mgandamizo wa hewa ukishuka, maji yanainuka kidogo, kama sentimita moja kwa kila hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) moja inayopungua. Kimbunga kizito kinaweza kukupa nusu mita kwa njia hiyo. Kazi kubwa zaidi inafanywa na upepo unaosukuma maji yarundikane ufukweni, na mawimbi yanayokuja juu ya mrundikano huo. Mahali penye bahari ya kina kifupi inayokwenda mbali, maji yanarundikana sana, na hilo liliwaumiza watu wa Beira, Msumbiji, mwaka 2019 wakati wa kimbunga Idai. Mwambao wetu kwa sehemu kubwa unaingia kwenye kina upesi, jambo linalotupunguzia mrundikano, isipokuwa maeneo kama baina ya Mafia na Rufiji. Lakini ghuba yenu ya Kivinje ni ya maji mafupi na matope, na mto Matandu unamwaga hapo karibu. Bahari ikiinuka, mto uliofurika unakosa pa kutokea. Maji ya mvua yanarudi nyuma, yanatafuta uwanda, na uwanda ndiko mlikojenga. Hicho ndicho ninachokihofia kwenu kuliko wimbi la kusimama kama ukuta.

Kuna mambo mawili ya kuangalia ambayo redio haina muda wa kuyaeleza. La kwanza ni upande. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga unazunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, walioko kusini ya kitovu wanapigwa na upepo wa kutoka baharini, na walioko kaskazini wanapata wa kutoka bara, unaosukuma maji nje. Kwa hiyo ukisikia kinatua Mafia, usiseme "ni Mafia, si huku". Kilwa mko kusini ya Mafia, upande mbaya.

La pili ni mwezi, na hapa wewe mvuvi unajua kuliko wengi wa ofisini. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu wakati wa bamvua ni mita 3 hadi 4, kubwa kuliko kiasi ambacho vimbunga vingi vingeinua bahari yetu. Kikija maji yakiwa yamekupwa, huenda msione kitu ufukweni. Kikija kilele cha bamvua, nusu mita tu ya ziada inaingia majumbani. Hidaya alifika Mfunguo Mosi, mwezi 25. Robo ya mwisho ilikuwa imepita Mei 1, maji mafu yalikuwa ndiyo kwanza yanaondoka. Angechelewa siku tano angekuta mwezi mpya na bamvua lake. Kwa hiyo usichukue alama ya maji ya 2024 ukasema hapo ndipo mwisho wa bahari. Mlipata nafuu ya mwezi.

Kuhusu joto la dunia, jibu la kweli halifai kwa kichwa cha habari. Wataalamu hawatarajii idadi ya vimbunga duniani iongezeke sana, huenda hata ikapungua kidogo. Wanachotarajia kwa uhakika zaidi ni kwamba vile vinavyozaliwa vitakuwa na sehemu kubwa zaidi ya vikali, na vitamwaga mvua nyingi zaidi, kwa sababu hewa ya moto inabeba unyevu mwingi. Pia usawa wa bahari unapanda, kwa hiyo dhoruba ileile ya zamani itaanzia ngazi ya juu kidogo. Kila mwaka Kilwa? Hapana. Mara moja tena kabla wanao hawajazeeka? Mimi ningejiandaa hivyo.

Tuje kwenye nyumba. Mkeo ana hoja, na wewe una hoja. Hatua mia na hamsini hazinipi jibu. Ninachotaka kujua ni kimo. Bamvua kubwa la mwaka likikomea, tumia mpira wa maji au ubao na pima-maji ya fundi mpate tofauti ya kimo kati ya hapo na kizingiti chako. Ikiwa ni chini ya mita moja, au kama nyumba iko kwenye mkondo ambao maji ya mvua hupitia kila masika, namuunga mkono mkeo, hata ikichukua miaka. Nyumba ya udongo haihitaji wimbi. Ukuta ukilowa chini kwa siku nzima unalainika na unaweza kuanguka usiku wa pili, jua limeshatoka na watu wamesharudi kulala. Ikiwa ni mita mbili au zaidi na si mkondo, kubaki si wazimu, mradi uinue msingi kwa mawe, ufunge kenchi kwenye nguzo kwa nondo au waya mnene badala ya kuitegemea misumari, na ukubali kwamba siku ikitangazwa mnatoka. Bati linaloruka ni panga. Wenye makuti wanacheka tukisema hivi, lakini kuti likiruka haliui mtu.

Kuna njia ya kati ambayo watu wa pwani wameitumia muda mrefu: familia ilale juu, banda la nyavu na mashine libaki chini. Chombo hakihitaji ukilinde usiku wa kimbunga. Kivute mbali, kijaze mchanga au maji kidogo kisipeperushwe, kifunge, ondoka.

Mikoko inasaidia kweli, lakini usiipe kazi isiyo yake. Msitu mpana unakata nguvu ya mawimbi na kushika udongo usiliwe. Mstari wa miti michache hauzuii bahari iliyopanda, na miche mnayopanda leo haitakuwa kinga kesho. Matumbawe nayo yanavunja mawimbi vizuri maji yakiwa ya kawaida, na vibaya zaidi bahari ikiwa imeinuka juu yake. Pandeni, lindeni kilichobaki, na bado muwe na mahali pa kukimbilia.

Baharini, dalili zipo. Mawimbi marefu yenye nafasi kubwa kati yake, yanayokuja kutoka mashariki upepo ukiwa umelala, ni habari ya dhoruba iliyo mbali. Upepo usio wa msimu unaozidi kukaza saa baada ya saa ni habari ya pili. Upe upepo mgongo: kitovu kiko upande wa mkono wako wa kulia. Lakini sikufundishi hayo ili uyategemee. Kimbunga kinaweza kusafiri kilomita 15 hadi 25 kwa saa, na mawimbi yake yanatangulia. Ngalawa haitashinda mbio hizo. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na chukua maneno yao kama yalivyo: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwa chombo kidogo, angalizo la mawimbi ya kuzidi mita 2 limeshatosha kukubakisha nyumbani, hata kama hakuna kimbunga chenye jina. Na ukiwa nchi kavu, upepo mkali ukikatika ghafla na anga kufunguka, kaa ndani. Pengine jicho linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, ambako mapaa hayakuwa yameegemea.

Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata ya magotini, wala kwa bodaboda. Kisima kilichoingiwa na bahari au na maji ya vyoo kisinywewe mpaka kimeondolewa maji na kutiwa dawa; muulizeni afisa afya. Mtoto akiharisha maji baada ya mafuriko, zahanati siku ileile, huku mkimpa maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) njiani. Aliyekatwa na bati naye aende akachomwe sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo.

Yapo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Ufa kwenye kona ya nyumba, ukuta unaoinama au msingi unaoliwa na maji, aje fundi mwenye uzoefu au mhandisi wa halmashauri aone kwa macho, na msilale humo wakati mnamsubiri. Kabla ya kununua kiwanja Singino nenda ofisi ya ardhi, kisha kitembelee siku ya mvua kubwa, maana kilimani nako kuna makorongo, na kiwanja cha bei rahisi mara nyingi ndicho kilicho kwenye korongo. Na nenda na wenzako wa kikundi cha ufukwe kwa kamati ya maafa ya kijiji mkaulize mambo matatu: ni jengo gani limetengwa kwa watu kukimbilia, nani ana funguo zake usiku, na njia ya kwenda huko inapita daraja gani. Wakikosa jibu la lile la pili, msiondoke mpaka lipatikane.